Maua ya Mkorosho Siku ya Idd

Kama umepewa kile kikopo cha plastiki chenye mfuniko, ukaambiwa nenda kule nyuma palipo wazi ukakohoe kutoka ndani kabisa, basi haya ninayoandika ni yako. Na mimi niliwahi kukishika. Nilikificha mfukoni mwa suruali kama mtu aliyeiba kijiko harusini, nikapita mbele za watu nikitazama juu. Sasa nimepona. Sitakusimulia sana habari za kupona, maana dawa zipo, na ukizimeza kama ulivyoelekezwa zinafanya kazi yake. Ninachotaka kukusimulia ni upumbavu wangu. Naona aibu kuuandika, lakini nikinyamaza nitakuwa nimerudia kosa lile lile.

Naitwa Shabani. Ni fundi wa mafriji hapa Kibaha, naishi Tangini na mke wangu Mwajuma na mtoto wetu Nasri, ambaye wakati huo alikuwa chekechea. Kwetu hasa ni Kisarawe, Maneromango. Huko yuko mama yangu na shamba lake la mikorosho na muhogo, anaishi na mdogo wangu wa mwisho, Zaina. Baba alishatangulia mbele ya haki.

Nina ugonjwa mwingine wa siku nyingi ambao hauna dawa, nao ni kuediti picha. Sisemi zile za kujipaka weupe na kujichonga pua. Mimi napandanisha. Nikikuta friji bovu limeganda barafu, naipiga picha barafu ile kabla sijaiyeyusha. Kisha naiweka juu ya picha ya mashamba ya Gwata niliyoipiga siku nilipokwenda kutengeneza friji la dukani, halafu naififisha ile ya juu kidogo kidogo mpaka mashamba yanaanza kuchungulia. Inakuwa Gwata yenye baridi ambayo haijawahi kuwako. Mara nyingine naichukua kutu ya mlango na kuifanya mawingu ya jioni. Hakuna anayenituma wala anayenilipa. Wenzangu wanacheza bao, mimi nakaa na simu. Mwajuma alikuwa akisema, "Wanaume wenzio wanaoa mke wa pili, wewe umeoa simu."

Kila picha katika hizo naiita tabaka. Nikishapanga matabaka manne matano, kazi iliyobaki ni kufuta kingo kwa ncha ya kidole, pale picha moja inapokoma na nyingine inapoanza, mpaka mshono usionekane. Hapo ndipo raha yote ilipo. Nilikuwa najisifu kwamba hajazaliwa mtu wa kuuona mshono wangu.

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule nilikwenda Maneromango kumsaidia mama kuokota korosho. Nilikaa wiki tatu. Nilikuwa nakohoa tayari, tena kile kikohozi kikavu kinachokukamata ukicheka. Chumba cha wageni kilikuwa kimejaa magunia, kwa hiyo nikatandikiwa godoro chini chumbani kwa mama, na kwa sababu ya mvua za vuli dirisha lilikuwa linafungwa. Tulikuwa tunakula sinia moja, mimi, mama na Zaina.

"Baba, hicho kikohozi chako sikipendi," mama aliniambia siku moja. Mama huniita baba, kwa kuwa nina jina la baba yake.

"Vumbi tu la korosho, mama."

"Korosho nimeokota tangu sijavunja ungo, mbona sijakohoa hivyo?"

Alinichemshia tangawizi na mchaichai, nikanywa, nikakohoa tena. Nilirudi Kibaha suruali inanivuka. Krismasi ilipopita nilikuwa nimeshaongeza tundu la pili kwenye mkanda, nililitoboa kwa bisibisi niliyoichoma moto. Nilikuwa nikinyanyua kompresa ya friji dogo, naiweka chini na kukaa juu yake kama mzee. Asubuhi shuka lilikuwa linakamulika jasho. Mwajuma aliacha kuuliza, akanishika mkono akanipeleka kituo cha afya.

Majibu yalitoka: kifua kikuu. Nesi Devota, mama mnene mwenye sauti ya upole, alinieleza dawa nitakazomeza kwa miezi sita, akaniambia mkojo utakuwa mwekundu nisishtuke, viungo vitauma nisiache. Kisha akafungua daftari jingine.

"Sasa nitajie watu. Umekaa na nani, umelala nyumba moja na nani miezi hii ya karibuni?"

"Mke wangu. Mwanangu."

"Na nani mwingine?"

"Basi."

"Fikiria vizuri, baba Nasri. Hatumtafuti mkosaji. Tunataka wapimwe mapema."

Nilijifanya nafikiria. Nilitazama dirishani, nikahesabu watu waliokuwa kwenye foleni ya mizani. Niliona godoro langu pale chini, kando ya kitanda cha mama, niliona sinia. Nikasema, "Basi, sista. Ni hao tu."

Nitakwambia kwa nini, na sababu zenyewe ni mbili, moja ya uongo na moja ya kweli.

Ya uongo ndiyo niliyompa Mwajuma. Zaina alikuwa amepata mchumba, watu wa Kisarawe mjini, na posa ilikuwa njiani. Kwetu kabla posa haijajibiwa watu huulizia kwanza: ukoo ule una nini? Una wazimu? Una kifua? Nilimwambia Mwajuma kwamba habari hii ikifika Maneromango, kesho yake imefika kwa wakwe, na mdogo wangu ameharibikiwa. Mwajuma alilia, akasema mama hana budi kuambiwa, nikamwapisha kwa msahafu asiseme. Nikamwacha abebe kiapo ambacho hakukitaka. Hata leo tukigombana kwa jambo jingine kabisa, hilo huwa linarudi.

Sababu ya kweli ni kikombe. Nilipokuwa na miaka minane hivi, baba yangu mdogo, Amri, aliugua kifua akarudi nyumbani kutoka mjini. Alipewa kikombe chake cha bati, kikatundikwa msumarini nje ya jiko, na sisi watoto tukakatazwa kukigusa. Upepo ukivuma kilikuwa kinagonga ukuta. Sisi tulitunga wimbo wa kile kikombe, na mwimbishaji nilikuwa mimi. Siku moja Baba Amri alitusikia. Aligeuza kigoda akatupa mgongo. Alipokufa kikombe kilitupwa chooni. Ndugu msomaji, niliogopa kikombe kuliko nilivyoogopa kufa, na sikutaka nami nitundikiwe changu pale pale.

Miezi miwili ya mwanzo ndiyo iliyokuwa migumu. Mwajuma alikuwa msimamizi wangu wa dawa. Kila asubuhi ananipa vidonge na maji, anasimama mpaka nimeze, kisha ananiambia fungua mdomo, kama anavyomwambia Nasri. Nasri naye alipewa vyake vya kinga, akavipenda, akawaambia watoto wa jirani kwamba yeye na baba yake wanakula peremende za hospitali. Tena akawatangazia kuwa baba anakojoa soda ya machungwa. Mtaa mzima ukajua, isipokuwa mtu mmoja aliyestahili kujua.

Kila wiki nilikwenda kituoni kuchukua dawa. Sisi wa kifua tulikuwa na benchi letu nje, upande unaopigwa na upepo, sote na barakoa zetu. Hapo ndipo nilipompata Mzee Masanja, Msukuma mfugaji aliyehamia Gwata na ng'ombe zake miaka mingi iliyopita. Wasukuma ni watani wetu sisi Wazaramo, na Mzee Masanja hakunionea huruma hata siku moja. Kwangu ile ilikuwa rehema kubwa.

"Mzaramo, kumbe bado uko hai!" alikuwa akinipokea. "Mimi nilishatenga ng'ombe wawili nikampose mjane."

"Ng'ombe zako zenyewe zinakohoa, nani atazipokea?"

"Zinakohoa lakini zimepimwa. Wewe watu wako wamepimwa?"

Nikadhani ni utani bado. Lakini siku hiyo alikuwa amekuja na wajukuu wanne, mkwe wake, na mtu mmoja mwenye mikono ya saruji aliyeonekana kutofurahi. Mzee Masanja alinieleza kwamba alimtajia nesi watu kumi na tisa, mpaka yule fundi aliyelala kwake siku tatu akimjengea josho la ng'ombe. "Huyu hapa, ananichukia," alisema, akamwonyesha kwa fimbo. "Wewe ulitaja wangapi?"

"Wawili."

"Mzaramo ana ndugu wawili? Mbona kwenye ngoma zenu watu hawahesabiki?"

Nilicheka mpaka nikakohoa, na yeye akacheka. Tulipotulia aliendelea kunitazama, sasa bila utani. "Kijana, na kule kwenu?"

"Kule wazima, mzee."

Akaitikia "haya", akaegemea fimbo yake. Tangu hapo nikawa nachelewa makusudi nisikae naye benchi moja.

Ramadhani ikaingia. Sikufunga, nikameza vidonge mchana kweupe nimejificha nyuma ya makopo ya gesi dukani kwangu. Mama alikuwa anatuma ujumbe wa sauti kwa simu ya Zaina, maana yeye mwenyewe ana simu ya tochi. "Baba, mbona kimya? Tangu korosho sijakuona. Idd unakuja?" Nikajibu kwamba kazi zimenizidi, joto hili mafriji ya watu yanakufa kila siku. Akatuma mwingine: "Basi nitumie picha nikuone. Siku ya Idd upige picha nikuone."

Siku ya Idd nilivaa kanzu, nikajitazama kwenye kioo cha kabati. Kanzu ilisimama mabegani kama iliyotundikwa kwenye hanga. Macho yamezama, masikio yamekuwa makubwa, shingo ni kamba tupu. Nikavua.

Nikakaa kitandani na simu. Nilikuwa na picha yangu ya mwaka uliopita, siku ya Maulidi kwa shangazi Kisarawe, nimesimama chini ya mkorosho na kanzu hiyo hiyo, shavu limejaa, tumbo la shibe limechomoza kidogo. Nikaipiga picha baraza yetu ya Tangini, bado ina unyevu wa mvua ya asubuhi, ikawa tabaka la chini. Nikajikata kutoka kwenye ile ya Maulidi nikajiweka juu yake. Nikaongeza kivuli miguuni. Nikamwomba Nasri asimame pembeni na nguo zake mpya, nikampiga picha, nikampachika mkononi mwangu, nikafuta kingo kwa uvumilivu kama ninavyofanya siku zote. Ilinichukua saa nzima, na naona aibu kusema hivi, lakini nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niugue kufanya kitu kwa raha. Katika kujikata kulikuwa kumebaki kitawi cha mkorosho juu ya bega langu, chenye maua yake madogo. Ningeweza kukifuta. Nikakiacha, maana kilipendeza.

Mwajuma aliiona kabla sijaituma. Aliishika simu muda mrefu. "Huyu ni nani?" akauliza, kisha akaenda kumalizia pilau.

Baada ya saa moja sauti ya mama ikaja. "Mashallah. Nimekuona, baba. Mungu akuweke." Fupi hivyo. Siku zile jumbe zake zilikuwa zimeanza kuwa fupi, kipande hiki, kipande kile, nami nikadhani ni uzee tu na kutoyajua mambo ya simu. Wiki mbili baadaye Zaina akanitumia picha ya ukuta wa sebuleni. Mama alikuwa amemwagiza aisafishe ile picha kwenye studio ya Kisarawe mjini, kubwa, ikawekwa fremu, ikatundikwa kati ya picha ya marehemu baba na kalenda ya msikiti. "Kila mgeni anasema umenenepa kaka," Zaina aliandika.

Masika ikapita. Mwili ulianza kurudi, kwanza hamu ya kula, kisha usingizi, kisha siku moja nikanyanyua kompresa nikaipeleka mpaka mezani bila kukaa. Makohozi yalipimwa tena, yakawa safi. Nikaanza kupanga kwamba nikimaliza dawa, nikanenepa, nitakwenda Maneromango nikiwa kama yule wa kwenye fremu, na hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na mtu mwingine katikati.

Mwezi wa saba, nimebakiza dawa za wiki mbili, Zaina alipiga simu asubuhi. Hakusalimia. "Kaka, mama anatema damu."

Nilipofika hospitali, Kisarawe, nilimkuta kwenye benchi la nje, upande unaopigwa na upepo. Hata bila kuuliza nililijua benchi lile ni la akina nani. Mama yangu ni mwanamke mkubwa, mwenye mikono ya kupura. Pale kwenye benchi kulikuwa na khanga mbili na katikati yake mtu mdogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umekuja." Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, taratibu, akasema tu, "Njia imekuchosha."

Tuliitwa ndani. Daktari alikuwa kijana, akaandika jina, umri, tangu lini anakohoa. Mama akasema tangu mwezi wa pili. Zaina akashtuka, maana alikuwa hajui kama ni zamani hivyo. Daktari akauliza, "Nyumbani au katika familia, kuna mtu amewahi kuugua kifua kikuu?"

"Hapana, mwanangu," mama akasema. "Wanangu wote wazima. Huyu hapa mzima." Akaniwekea kiganja gotini.

Daktari akaandika. Nilisikia kalamu. Ningeweza kuapa kwamba nilisema mara moja, lakini nimeahidi kuandika ukweli: nilimwacha akaandika mstari mzima, akaweka nukta, akafungua ukurasa wa pili. Kiganja cha mama kilikuwa cha moto, bado kipo gotini kwangu.

"Mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyekuwa naumwa. Namaliza mwezi wa sita wa dawa, Kibaha. Nililala chumba kimoja na mama mwezi wa kumi na moja."

"Walimwandika kwenye orodha?"

"Hawakumwandika. Sikumtaja."

Daktari aliweka kalamu chini. Nilisubiri anitukane, nilitamani anitukane. Akavuta karatasi nyingine akaanza upya, akamuuliza Zaina kama naye anakohoa. Zaina alikuwa ananitazama kama mtu aliyekuta mwizi sebuleni, kumbe ni ndugu yake.

Tulirudi nje kusubiri majibu. Zaina akaenda kukaa mbali. Mbele yetu, nyuma ya uzio wa hospitali, kulikuwa na mkorosho umeanza kuchanua, na mama akaunyooshea kidole.

"Unaona? Haya ndiyo maua yake. Yanatoka sasa."

Sikumwelewa.

"Mkorosho hautoi maua masika, Shabani. Siku ya Idd mvua inanyesha, shamba zima halina hata ua moja, wewe una maua begani. Na kanzu ile ina mikunjo ile ile ya pasi niliyoipiga mwenyewe siku ya Maulidi." Alipumzika kidogo, pumzi zilikuwa hazimtoshi. "Nilimwambia Zaina, mwanangu ametengeneza picha. Mtu hatengenezi picha ya uzima kama ni mzima."

Wewe unayejua mashamba utacheka. Fundi mzima, nimefuta kila ukingo, nikamdanganya kila mtu mwenye simu, nikasahau kwamba namtumia mkulima. Mimi sikucheka. Nilihisi uso unawaka mpaka masikioni, nikainama.

"Kwa nini hukuniuliza, mama?"

"Nikuulize nini? Umejipamba vile, mimi nikuvue nguo?" Akakohoa, akafuta mdomo kwa pindo la khanga. "Nikasema huyu ana mzigo wake na hataki niujue. Na mimi nikiongeza wangu? Nikawa nakuficha. Nilikuwa namwambia Zaina ashike simu, nikisikia kikohozi kinakuja naonyesha kwa mkono, anaiachia. Kikipita tunaanza kipande kingine."

Hapo nikazielewa zile jumbe fupi fupi, kipande hiki na kipande kile. Mama yangu alikuwa amekaa na kifua chake miezi mitano, asiende hospitali, kwa sababu kwenda hospitali kungenifikia mimi na kunitia simanzi katika ugonjwa nisiotaka aujue. Aliilinda aibu yangu kwa pafu lake. Nililia pale kwenye benchi, mwanaume mzima, na kamasi zikajaa kwenye barakoa. Mama hakunibembeleza. Aliniacha nilie mpaka jina lake likaitwa.

Alipona. Alimeza dawa tangu mikorosho ilipoanza maua mpaka korosho za mwisho zilipopelekwa ghalani, na msimamizi wake alikuwa Zaina. Mimi nilikwenda kila wiki mbili, na msimu ule niliokota korosho peke yangu, yeye amekaa mkekani ananielekeza nilipoziacha. Lakini alichelewa sana, na pafu la kushoto halikurudi kama zamani. Mama yangu alikuwa akisimama mlangoni akimwita mtu aliye shamba la tatu, anamsikia. Sasa hawezi kupaza sauti. Ana mfuniko wa sufuria na kijiko, anagonga. Akigonga mara mbili anamwita Zaina akiwapo, akigonga mara tatu ananiita mimi nikiwapo.

Zaina alipimwa, alikuwa salama, na ameolewa. Hilo nalisema mapema usije ukahangaika. Posa ile niliyoifanya kisingizio ilisubiri mpaka mama alipomaliza dawa. Jana yake kabla wageni hawajafika nilikuwa nafagia sebule, nikasimama mbele ya fremu.

"Mama, tuitoe hii."

"Itakaa."

"Naona aibu."

"Najua unaona aibu. Ndiyo maana itakaa."

Wageni walikuja saa nne, wanaume barazani, wanawake ndani. Mama alitaka niwe ndani nipitishe chai, nikapitisha. Mkubwa wa msafara upande wa wanawake alikuwa Bi Hadija, shangazi wa bwana harusi. Alinywa funda moja, akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Huyu ndiye Shabani? Mbona pichani mnene kuliko hapa?"

"Hapo alikuwa anaumwa," mama akasema.

"Anaumwa? Na kanawiri vile?"

"Ndivyo alivyoumwa, mwenzangu. Aliumwa amenawiri hivyo hivyo mpaka mimi nikatema damu."

Akawasimulia yote. Kwa sauti yake ndogo, akipumzika katikati, aliwasimulia kikohozi changu, godoro, orodha ya nesi, maua, jumbe za sauti, na kwamba na yeye alikuwa mjinga kama mimi. Wageni walisogea karibu ili wamsikie. Nilikuwa nimeshika birika la chai, sina pa kuliweka, nikawa natazama mistari ya mkeka. Sijawahi kuona aibu kama ile, na sitarajii kuiona tena.

Alipomaliza, wakazungumza mambo yaliyowaleta. Nikapata upenyo nikatoka nje kuosha vikombe. Bi Hadija akanifuata mpaka penye ndoo, akajifanya anatafuta kandambili zake.

"Baba," akasema taratibu, "hicho kipimo wanapima wapi? Mzee wangu anakohoa tangu Mfungo Tatu, Idd ya kuchinja. Anasema vumbi."

Nikamweleza. Nikamwambia kuhusu kikopo, kwamba asikifiche, na kwamba benchi liko nje upande wa upepo. "Watawauliza majina, shangazi. Watajeni wote. Hata yule mnayemwonea haya. Huyo hasa."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua kikombe kimoja mkononi mwangu akakisuuza, akakirudisha kwenye sinia pamoja na vingine. Kutoka ndani ukasikika mfuniko wa sufuria, mara tatu.